Anakotoka, Anakokwenda

Nilimsikia kabla sijamwona. Adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha muda mfupi tu, na stesheni ya Tabora ilikuwa bado gizani. Nilisikia ufagio wa chelewa ukikwangua sakafu: mikwaruzo mitatu mirefu, kimya kidogo, kisha mitatu tena. Nikadhani ni mfanyakazi wa zamu. Mwanga ulipoanza kuingia nikaona mgongo uliopinda, khanga mbili zilizofuliwa mpaka maua yake yamekufa, na kifurushi kilichowekwa juu ya kipande cha boksi.

Hakuna aliyekuwa amemwajiri. Alifagia ili walinzi wasipate neno la kumwambia. Aliamka kabla yao, akasafisha hata mahali ambapo hakulala, na watu wa zamu walipofika walikuta sakafu safi na bibi mmoja ameketi wima kama abiria anayengoja treni. Treni hiyo alikuwa ameingoja tangu mvua za mwisho.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akanikagua kuanzia viatu mpaka nywele.

"Kumbe ndiye wewe, mume wangu," akasema. "Umeniacha nalala nje muda wote huu. Ulikuwa kwa mke gani?"

Kwetu bibi humtania mjukuu hivyo, hata mjukuu wa kuokota njiani, na mjukuu hana budi kujibu. Nikamwambia nilikuwa natafuta nyumba ya kumweka. Akacheka, mkono mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu, wekundu wa miaka mingi, na yalitiririsha machozi hata alipokuwa akicheka. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba maisha yake yote amepikia samadi ya ng'ombe, maana kule kwao kuni zilikwisha zamani, na moshi wake ni mkali. Nikadhani ananisimulia habari za jikoni tu.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani na riwaya iliyonishinda katikati, nikapata kazi katika ofisi ndogo iliyowatafutia makazi watu wasio na pa kulala katika mkoa wetu. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, benchi la wageni na ramani niliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Hatukuwa na nyumba hata moja. Tulichokuwa nacho ni watu waliokubali kuazima chumba: familia moja ya mafundi cherehani mjini yenye chumba uani, wakulima wawili jirani na Kipalapala, mwalimu mmoja upande wa Igunga. Sisi tuliwaunganisha na wenye shida, tukahakikisha kuna blanketi, kuna chakula, na kuna mtu wa zahanati anayejua kwamba mgonjwa fulani amehamia kwake.

Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa mjini, mwanamke wa baibui jeusi na maneno machache. Sisi sote tulimwita Mama Mratibu. Alikuwa na sharti moja ambalo halikuvunjwa: kila anayepewa chumba lazima kijiji alikotoka kimtambulishe kwa barua yenye mhuri. Sharti hilo halikuzaliwa na ubishi. Kabla yangu, mzee mmoja alifia katika chumba cha kuazima, na wenyeji wakamzika bila kujua wamwombee kwa jina la baba gani. Mama Mratibu alikuwepo makaburini. Aliporudi akatunga fomu. Juu kabisa ilikuwa na mistari miwili: *Anakotoka. Anakokwenda.* Fomu ilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji, naye akaithibitisha, akaandika barua, akairudisha.

Bibi alipata chumba Kwihara, kwa mkulima wa karanga, aliyefiwa na mkewe na kuishi na mwanawe na mkamwana wake, yaani mke wa huyo mwana. Binti yake alikuwa ameolewa na chumba chake kimebaki wazi. Mkulima alituambia nyumba imepoa, hakuna mtu mzima wa kike wa kumshauri mkamwana, na yule msichana alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilipomsikia nilijua hapo ndipo pa bibi. Nilimfuata bibi stesheni siku ileile, nikamleta ofisini, nikaichukua fomu kwa furaha ya mtu aliyepata mwisho wa hadithi.

Alinitajia kijiji chake kwa shida, kijiji cha ndani kabisa, mbele ya Puge. Aliniangalia nikiandika.

"Hiyo anaisoma nani?" akauliza.

"Mtendaji tu, bibi. Ni mambo ya ofisi."

"Mtendaji huyo ana mke?"

"Lazima anaye."

"Basi mwandikie na mkewe, umpunguzie mumewe kazi ya kusimulia."

Nilicheka. Mama Mratibu naye alicheka. Bibi hakucheka, lakini nilikuwa nimeshainamia karatasi, nikiandika kwa mwandiko wangu mzuri jina lake, kijiji chake, na kwenye mstari wa pili: Kwihara, kwa mkulima fulani, nyumba ya tatu ukitoka kwenye tembe la kumbukumbu. Nilipomaliza nikamsomea.

Tulimhamisha kwanza, barua ikifuata, jambo lililoruhusiwa kwa wazee. Nilikwenda kumtazama wiki mbili baadaye na nikamkuta juu ya jiwe pana, yeye na mkamwana wakimenya viazi vitamu na kuvikata vipande vya kuanika michembe. Alikuwa amemsuka yule msichana nywele mistari mitano. Walikuwa wakinisengenya kabla sijafika, kwa sababu waliponiona walinyamaza kisha wakacheka kwa pamoja. Bibi alimwambia, "Huyu ndiye mume wangu ninayekuambia. Mtazame miguu. Mtu wa miguu hii atalima nini?" Msichana alicheka mpaka akashika tumbo lake. Nilikaa nao mchana mzima. Nilipewa karanga mbichi na maziwa ya mgando, na nikakatazwa kugusa kisu kwa kuwa vipande vyangu vilikuwa vinene.

Jirani na pale kuna lile tembe ambalo wageni huja kulitazama, nyumba ambamo Mzungu mmoja alipumzika enzi za misafara. Lina paa, lina mlinzi, lina kitabu cha kuandika majina. Wapagazi waliobeba mizigo yake hadi hapo, na watu waliopita njia hiyohiyo wamefungwa shingo kwa shingo kuelekea pwani, hawana hata alama ya mahali walipolaza kichwa. Siku hiyo nilipita mbele yake jioni, nimeshiba maziwa, nikaona kwamba angalau mtu mmoja tumemhesabu.

Barua ilikuja. Mtendaji aliiandika vizuri, akaipiga mhuri, akasema hana pingamizi. Lakini kwetu barua ya kijijini haiendi posta. Hupewa mtu anayekwenda upande huo, kama ilivyokuwa tangu enzi za misafara. Safari hii alipewa mchuuzi wa ng'ombe aliyekuwa akija mnadani. Angeweza kuileta ofisini. Akatazama fomu iliyoambatana nayo, akaona Kwihara, akaona nyumba ya tatu ukitoka kwenye tembe, na kwa kuwa alikuwa muungwana akaenda kuikabidhi palepale kwa mwenye nyumba.

Mkulima na mwanawe walikuwa shambani. Mkamwana alimkaribisha, akampa maji ya kunawa na ugali, kama anavyopaswa kufanyiwa mgeni aliyetoka mbali. Bibi alikuwa kisimani. Mgeni alikula, akashukuru, na ili asiondoke bila kulipa fadhila akamweleza msichana mwenye mimba kwa nini mwanamke yule ana macho mekundu, watoto wangapi wa ndugu yake wamekufa, na usiku gani kijiji kilimwamuru awe ameondoka kabla ya asubuhi.

Haya yote niliyajua baadaye. Ishara ya kwanza ilikuwa kofia ya mkulima. Aliingia ofisini ameishika mkononi, akaizungushazungusha kwa vidole, akakataa kuketi. Alitueleza kwamba mkamwana amerudi kwao, na wazazi wake wametuma ujumbe kwamba hatarudi wala mtoto hatazaliwa chini ya paa lile wakati bibi yupo. Mwanawe hasemi naye. Majirani hawaji tena kuazima kinu chake. Mama Mratibu alimuuliza taratibu kama yeye mwenyewe anaamini kwamba bibi ni mchawi.

"Mimi siamini, mwalimu. Yule bibi kanipikia, kanifulia, kaniombea. Siamini hata kidogo. Lakini siishi peke yangu."

Kisha akaniangalia, si kwa hasira, akaniuliza:

"Kwani mlikuwa hamjui mnamwandikia nani?"

Nilichukua bodaboda kwenda kumchukua. Michembe ilikuwa bado juu ya jiwe, imekauka, hakuna aliyeianua. Bibi alikuwa ameketi nje ya nyumba, kifurushi magotini, na kando yake palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na sufuria dogo ambalo hapo awali sikuliona. Mwana wa nyumba alikuwa amempa vyombo vyake peke yake. Bibi aliniona nikivitazama, akavisukuma nyuma ya mguu wake kama mtu anayeficha kitu kisicho cha heshima.

Alinishika kiuno juu ya pikipiki na nilihisi alivyo mwepesi. Usiku ule Mama Mratibu alimlaza nyumbani kwake, kwenye kitanda cha binti yake, na asubuhi wakaja ofisini pamoja. Mama Mratibu alikuwa amempigia simu mwalimu wa upande wa Igunga, yule mwenye chumba. Mwalimu alikubali, mtu mwema kabisa, lakini swali lake la kwanza lilikuwa kama mgeni ana barua, kwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji chake hampokei mtu asiyejulikana anakotoka. Nilimwomba Mama Mratibu tuache fomu mara hii moja. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la baibui muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwanangu, akifia kule?" akasema. "Nani atasema huyu ni wetu?"

Nikajua kwamba ana haki, na kwamba haki hiyo haitamsaidia mtu yeyote chumbani mle.

Nilitoa fomu mpya, kwa kuwa ile ya kwanza ilitaja Kwihara. Sikuweza kuiandika. Nikaiweka mezani, nikamwambia bibi kwamba kosa ni langu, kwamba alinionya mimi nikacheka, kwamba ningeandika kidogo zaidi au vibaya zaidi yasingetokea haya. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize.

"Hukukosea hata neno," akasema. "Uliandika kweli tupu. Natoka kule, nakwenda kule. Niliisikia ilivyokaa vizuri ulipoisoma."

Mama Mratibu akamsihi. Akamwambia Igunga ni mbali, huko hakuna anayemjua, na yeye mwenyewe ataipeleka barua kwa mkono wake, haitapitia kwa mchuuzi wala kwa mtu mwingine. Bibi alimsikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, kama mwanafunzi. Kisha akauliza kama barua hiyo lazima ianzie kijijini kwake. Mama Mratibu hakuwa mtu wa kudanganya. Akasema ndiyo.

"Mguu wangu mmoja unauma," akasema bibi. "Barua haina mguu unaouma. Itafika kabla yangu kila mahali. Safari hii niacheni nitangulie mimi."

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Nikikuambia utaandika."

Alisema hivyo kwa tabasamu, na ndilo lililonivunja. Aliinuka kwa kuegemea meza yangu. Mama Mratibu akavua mtandio uliokuwa shingoni mwake, akamfunika mabegani, wakashikana mikono wakaambiana jambo kwa Kinyamwezi ambalo sikulisikia lote. Nilisikia tu neno la kuombeana njia njema. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nimeshika kalamu, kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilitaka kumwambia abaki mpaka mchana, anywe chai, jua lipungue. Nilisema neno moja tu, bibi, na yeye akaitikia "naam" bila kugeuka.

Benchi la wageni lilikuwa limejaa asubuhi ile. Watu walivuta miguu ili apite. Mwanamume mmoja alitaka kumsaidia kifurushi, akakataa kwa kutikisa kichwa.

Mlango wa ofisi ile ulikuwa mzito, na usipouvuta kwa nguvu haushiki, upepo huurudisha na vumbi la barabarani huingia mpaka kwenye karatasi. Wengi hutoka na kuuacha wazi. Yeye alitoka, akaweka kifurushi chake chini, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta mpaka ukafungwa.