Kiungio cha Reli Hakiponi kwa Kukanyagwa

Nakumbuka siku moja kule Uyole, Mbeya, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda kama vile ni jana. Juzi nilikuona uani kwako hapa Iringa ukiikanyaga reli ya kile kitreni chako ili kitembee. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa na wageni. Leo sinyamazi.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mdogo wake marehemu mume wangu, binti aitwaye Neema, alivunjika mguu akawa analala barazani, plasta hadi pajani. Mume wangu, Ambakisye, akamtengenezea treni ndogo ya betri, umeme wake ukipita relini. Ilitoka dirisha la jikoni, ikapita nje kando ya matuta ya viazi, hadi kitandani pake. Mimi naweka kikombe cha chai kwenye behewa, Neema anabonyeza swichi, chai inafika. Kwa mtu aliyekuwa akiomba hata maji ya kunawa, hilo halikuwa jambo dogo.

Ukungu wa Mbeya unaujua. Reli zile ziliungwa kwa vibati vidogo tu. Unyevu ukaingia, vikashika kutu, umeme ukawa haupiti. Kila asubuhi treni inafia konani. Ambakisye anatoka, anakanyaga kiungio, inatembea. "Imepona," anasema. Kesho yale yale. Akafungua injini, akailaumu betri, akanunua nyingine.

"Mwenzangu," nikamwambia, "ubovu uko hapo hapo unapokanyaga."

"Si inatembea lakini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilichoka.

Asubuhi moja Ambakisye yuko kazini, mimi nimeshaweka chai behewani, nikashuka shambani na mama mkwe. Treni ikasimama pale pale na chai yake. Neema akajishusha kwa magongo, akaenda kukanyaga kama alivyomwona kaka yake akifanya. Tulimkuta matopeni, mguu umevunjika upya.

Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni alimwita mwanawe mbele yetu. "Ambakisye, ulipajua palipo pabovu. Mguu wako ulipagusa kila siku. Ungeinama mara moja tu ukapatengeneza, huyu asingeanguka."

Kesho yake Ambakisye alisugua kutu, akalehemu kipande cha waya kuvuka kila kiungio, kisha akalaza waya mnene kando ya njia, unaopeleka umeme kwenye kila kipande cha reli. Masika yote treni haikusimama tena. Mguu wa Neema ndio uliopona mfupi, hadi leo anachechemea. Nilimuuliza kwa nini hakunisubiri. Akasema, "Wifi, sikuwa na kiu. Nilitaka tu ifike."

Basi sikiliza, maana sitarudia, ingawa najijua nitarudia. Lehemu viungio vyako. Waya uache ulegee kidogo, kwa sababu reli hutanuka juani. Futa reli kwa kitambaa kikavu kabla ya kuwasha, wala usiniletee habari za kununua injini nyingine. Na mambo yako mengine yaangalie hivyo hivyo. Kinachokwenda kwa kukanyagwa hakijapona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mguu wa mtu haujengwi kama ukuta.

Haya, nenda kainame. Mungu akupe macho ya kuona palipolegea na mikono isiyoona uvivu kupatengeneza, na wanaokungoja wafikiwe na walichokingojea.