Ugoro Hauna Moshi

Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kilianza kuuma nikishona sare za shule kwenye kibanda changu pale Laini Saba. Kiligeuka cheupe, kisha zambarau, halafu ncha ikafanya kidonda kilichokataa kupona. Nikasingizia baridi ya Julai. Kila kilipouma niliwasha fegi, na naapa, nikivuta mara tatu hivi maumivu yalipungua. Sasa nani angeniambia niache kitu kinachonituliza?

Daktari aliniambia. Alikuwa msichana tu, na mimi nilikuwa nimeenda nimejiandaa kubishana. Alisema tumbaku ndiyo inayoziba mishipa ya damu ya vidole, na nisipoiacha kidole kitakatwa. Nikamjibu kwa ukali kwamba hiyo tumbaku ndiyo dawa pekee inayonisaidia. Hakukasirika. Alisema ni kweli inanituliza, na hapo ndipo penye ubaya. Ubongoni kuna vipokezi, akasema, kisha akaona nimekunja uso, akaviita milango. Nikotini inafungua milango yake, hiyo ikifunguka mwili unamwaga dawa yake wenyewe ya maumivu, na dawa hiyo nayo inafungua milango mingine, ile ya raha. Kila fegi, milango inaitana. Ukiinyima, yote inakulilia kwa pamoja. Kwa hivyo kichwa kilikuwa kinanibembeleza huku kidole kikikosa damu.

Niliogopa, sifichi. Kidole hicho ndicho kinachoongoza kitambaa chini ya sindano, na kazi nyingine siijui. Niliacha fegi siku hiyo hiyo, na kwa wiki mbili nikawa mtu wa kuepukwa. Wateja niliwafokea, mke wangu akaacha kunisemesha. Jumapili nikaenda kwa mama, Kawangware, nikakaa kitandani kwake bila hata kumsalimu vizuri.

Mama amenusa ugoro tangu kabla sijazaliwa. Aliniangalia kwa huruma, akautoa kifuani umefungwa kwa kipande cha nailoni, akaniwekea kidogo kiganjani.

"Daktari alikataza moshi," akasema. "Huu hauna moshi."

Mimi, mtu mzima, fundi wa kupima watu kwa inchi, nikaona hoja imesimama. Nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka, na mwili wote ukatulia. Tangu hapo kila Jumapili nilirudi Laini Saba na kifurushi changu mfukoni. Hata kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba nimeacha sigara. Watu wakapiga makofi, mama akiwa mbele yao, na wala hatukuwa tunadanganya. Tuliamini.

Kidole kikawa cheusi. Daktari alipouliza kama bado navuta, nikasema sivuti. Akainama, akaona alama ya kahawia puani kwangu.

"Milango haiulizi nikotini imepitia mdomoni ama puani," akasema.

Kilikatwa Alhamisi, chote. Nilipozinduka mama alikuwa amekaa kando ya kitanda. Kidole ambacho hakikuwepo kiliniuma kuliko siku zote, na aibu niliyo nayo ni kwamba sikuwaza kazi wala watoto. Niliwaza ugoro. Nikamwomba kidogo tu, wa kupitisha saa hiyo.

"Nimeumwaga," akasema. "Wangu pia."

Nikamtukana mama yangu mzazi, wodi nzima ikisikia, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia yeye ndiye aliyenikata kidole. Aliushika mkono wangu wenye bandeji kwa mikono yake miwili akangoja ninyamaze, na niliponyamaza ndipo nikagundua kwamba aliyekuwa akitetemeka ni yeye, jasho likimtiririka usoni, kwa sababu alikuwa hajanusa tangu jana yake.