Mbwa wa Baba na Somo la Kunyamaza

Baba alihamia kwangu Endagikot baada ya kupata kiharusi. Alikuja kwenye gari la kukodi, na begi la nguo, blanketi lake la kijivu, na mbwa wake amelala miguuni. Upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umelegea, na maneno yalimtoka moja moja, kwa shida. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, na watoto wangu walikuwa wameshaondoka nyumbani. Mdogo wangu wa kike ameolewa Katesh na ana watoto wadogo. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mwenye chumba cha ziada nilikuwa mimi.

Kwa ajili ya baba nilijiandaa. Nilimwomba fundi anifungie bomba la kushikilia ukutani chooni, nikahamisha kitanda changu ili yeye apate chumba chenye jua la asubuhi. Kwa ajili ya mbwa sikujiandaa hata kidogo.

Alikuwa mbwa wa kawaida wa kwetu, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Kule shambani, nyuma ya Dongobesh, alikuwa na kazi kutwa: kutoka na ng'ombe, kufukuza ngedere kwenye mahindi, kumfuata baba kila alikokwenda. Kwangu hapakuwa na ng'ombe, na baba hakwenda popote. Wiki ya pili akaanza visa. Nikiketi kusahihisha madaftari, anasimama mbele yangu anabweka akiniangalia usoni. Nikipokea simu, anazidisha. Nguo za kwenye kamba alizivuta akakimbia nazo uani, huku akigeuka nyuma kuona kama namfuata. Nami nilimfuata, kila mara. Nilifoka, nilirusha kandambili, na siku moja nilimchapa kwa fimbo ya mkaratusi mpaka akajikojolea. Kesho yake alianza mapema zaidi.

Baba aliyaona yote haya akiwa kwenye kiti chake barazani. Naye alikuwa na namna yake ya kuita. Ulimi ulipomshinda, aligonga kikombe cha bati kwenye mkono wa kiti. Alitaka maji, au kusogezwa juani, au pengine alitaka tu nikae naye kidogo. Mara nyingi alipogonga nilikuwa nafukuzana na mbwa, na nilipofika kwake nilikuwa nimeshakunja uso. "Nini tena, baba?" Nilisema hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Bwana mifugo wa kata alipopita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, nilimwambia kama ana sindano ya kumtuliza huyu wangu ampige hiyo pia, au amchukue kabisa. Alimwamkia baba, akaketi, akanywa chai na kutuangalia. Mbwa alibweka, mimi nikamfokea, akabweka tena.

"Mwalimu," alisema, "huyu mbwa umemfundisha wewe."

Nilikasirika, lakini nilimwacha amalize. Alinieleza kwamba mbwa aliyezoea kuwa na mtu kutwa, kufokewa kwake ni afadhali kuliko kuachwa. Akibweka namtazama, namsemesha, namkimbiza. Akilala kimya hakuna anayejua kama yupo. Basi amechagua kile kinachomletea mtu. Akaniambia kwanza nihakikishe hana njaa, wala kiu, wala maumivu, kwa sababu mbwa mwenye shida ya kweli naye hubweka. Halafu nimtembeze asubuhi ili achoke, nimpe mfupa wa kuhangaika nao, nguo nizianike asipofika. Baada ya hapo, akibweka kwa kunitaka tu, nimgeuzie mgongo, nisimtazame wala kumwambia neno, na ikibidi niingie ndani nifunge mlango. Akinyamaza, hata kidogo, pale pale nimwite kwa sauti nzuri nimpe kipande cha ugali.

"Siku za kwanza atazidisha," alionya. "Ukishindwa siku ya nne ukamfokea, utakuwa umemfundisha kubweka siku nne."

Nilifanya kama alivyosema. Asubuhi kabla ya shule nilikwenda naye mpaka kwenye maharage yangu na kurudi, ukungu bado umefunika bonde. Jioni nilimgeuzia mgongo. Siku tatu za mwanzo alibweka mpaka sauti ikakauka, akakwaruza mlango, akanivuta kanga. Nilisimama nikiangalia ukuta. Siku ya tano alibweka kidogo, akaacha, akalala na kidevu juu ya miguu yake. Nilimwita, nikampa ugali. Baada ya majuma machache nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa zima naye amelala chini ya meza. Niliwasimulia walimu wenzangu nikijisifu.

Jioni moja nilisimama barazani na kipande cha ugali mkononi, mbwa ametulia mbele yangu, nikamwambia baba, "Unaona? Kumbe akinyamaza ndiyo anapata." Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Siwezi kusema ni siku gani kikombe kiliacha kugongwa. Nakumbuka tu kwamba nyumba ilitulia, na nilishukuru. Nilirudi shuleni nikamkuta baba ameketi vile vile nilivyomwacha. Nilimwuliza kama yuko salama, akaitika kwa kichwa. Nilimletea chakula, akala kidogo. Nilimwambia jirani kwamba siku hizi mzee amezoea, hasumbui.

Ilikuwa miezi ya baridi. Baba alivaa soksi mbili za sufu na viatu vyake vya ngozi, na hakuvivua mchana. Kuoga alioga mwenyewe. Nilimtengea maji ya moto na kigoda, nikatoka, kwa sababu mzee wa kwetu haogeshwi na binti yake, na sikutaka kumvunjia heshima. Soksi alizivaa mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda mrefu, na hakutaka kusaidiwa.

Mbwa akaanza upya. Alikuwa analala miguuni pa baba, ananusanusa kiatu cha kulia, kisha anakuja kwangu kubweka. Anarudi pale, ananusa, anakuja tena. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiambia kitu. Bwana mifugo, nilipomwuliza baadaye, alisema mbwa huvutwa na harufu ya kidonda, na kwamba hawezi kuapa zaidi ya hapo. Mimi siku zile nilichojua ni kwamba tabia imerudi. Nilikumbuka onyo la siku ya nne. Nikamgeuzia mgongo.

Mdogo wangu alikuja likizo, na siku ile ile alisema chumba cha baba kina harufu. Nilimjibu ni viatu. Yeye alipiga magoti, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akavuta soksi ya juu, halafu ya chini, ambayo ilikuwa imegandia. Kisigino kilikuwa kimeoza. Weusi ulikuwa umepanda mpaka kwenye kifundo. Baba aliangalia pembeni, kama aliyefumaniwa.

"Dada," mdogo wangu alisema, "kaa naye kidogo, mimi nikatafute gari." Alisema kwa utulivu, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia.

Hospitalini waligundua kwamba baba alikuwa na kisukari ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua, na kwamba kiatu kilikuwa kimemchubua muda mrefu. Mguu wa kiharusi haukuwa umekufa ganzi kabisa, daktari alisema. Alikuwa anasikia maumivu. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Siku ya tatu baada ya kukatwa, nilikuwa peke yangu naye wodini. Mdogo wangu alikuwa ametoka kununua uji. Nilimwuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu nyumbani.

"Baba, kwa nini hukuniita?"

Maneno yalimjia polepole, na aliyasema bila hasira yoyote, kama mgeni anayeeleza taratibu za nyumba aliyofikia.

"Nilikuona na mbwa," alisema. Akapumzika. "Anayenyamaza ndiye anapewa."

Nilitaka kumwambia kwamba yale yalikuwa ya mbwa. Nilitaka kumwambia kwamba bwana mifugo alisema kwanza niangalie njaa, na kiu, na maumivu, na kwamba kwa mbwa niliangalia yote matatu, kila asubuhi, mpaka meno na nyayo zake nilizikagua. Nilipofika hapo katika mawazo yangu niliushika mkono wake wa kushoto. Alifumba macho.

Homa iliyompata baada ya kukatwa mguu haikushuka. Alifariki wiki ya pili, saa tisa mchana, wodi imejaa watu waliokuja kutazama wagonjwa wao. Tulimzika shambani kwake, kando ya mama. Watu walikuja wengi, na wengi wao walinishika mkono na kunishukuru kwa kumtunza mzee. Mwinjilisti aliwaambia waombolezaji kwamba heri mzazi mwenye binti kama huyu. Nilikaa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi peke yake.

Baba mdogo aliomba mbwa abaki pale shambani, kuna ng'ombe na anapajua. Nilikubali. Naambiwa hana shida, anafanya kazi, habweki ovyo.

Mimi niliendelea na shule. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasimama katikati ya somo nikidhani kuna mtu ananiita ofisini, na wanafunzi wakaanza kutazamana. Chumba chenye jua la asubuhi nimekirudisha kuwa changu, kwa kuwa kukiacha kitupu nilishindwa.

Mdogo wangu hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Tunaongea habari za watoto, mvua, bei ya mahindi Katesh. Mara moja tu aliniuliza kama baba aliwahi kusema lolote kuhusu ule mguu siku zile wodini. Nilimwambia hakusema.