Goti la Kulwa Lilipokunjika Kinyume

Mpaka leo nikipita pale Pasiansi karibu na ule ukumbi nageuza uso upande wa ziwa, maana aibu niliyoivuna mle ndani, jamani, bado mbichi. Pacha wangu Kulwa alikuwa anaagwa kwenda kuolewa Bukoba, na mimi Doto (nimesomea mashine, ingawa spana nazishika kwa nadra) nikajitolea kutengeneza katuni ya kurushwa kwenye projekta: umbo la Kulwa lililoungwa kwa vijiti na pini, programu inapiga hesabu kila kijiti kisogee wapi, naye anapiga goti kumwamkia mama mkwe. Ilipiga goti vizuri hadi mama yetu akafuta machozi.

Asubuhi ya sherehe Kulwa akachungulia.

"Doto, mbona umenifupisha miguu? Na mimi navaa viatu virefu!"

Nikamwonea huruma, nikarefusha kidogo tu kijiti cha chini ya goti, nikafunga kompyuta bila kuijaribu katuni tena. Kumbe hesabu ya goti ina majibu mawili, likunjike kama la mtu au kinyume kama la korongo, na programu yangu ikachagua korongo.

Basi ukumbi umetulia, Kulwa wa kwenye pazia akainama kwa adabu, mguu ukafyatuka mbele ukamtandika mama mkwe wa kuchorwa teke la kidevu, na kwa kuwa nilikuwa nimeiweka ijirudie, ikajirudia, adabu, teke, adabu, teke, nami natafuta kitufe cha kuzima huku jasho likilowesha suti (ya kuazima), nikabonyeza cha kuongeza kasi.

MC hana huruma: "Wakwe zetu, ndivyo Wasukuma tunavyoamkia!"

Kulwa akajifunika uso. Mama mkwe, ambaye hakuwa ametabasamu tangu afike, akasimama. Nikajua ndoa imevunjika. Akaja mpaka mezani kwangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Na ile ya kwanza nimeipokea, mwanangu. Imenifika mpaka kwenye meno."

Akaangua kicheko mpaka akashika meza, ukumbi mzima ukamfuata, na Kulwa alipokuja kupiga goti la kweli alicheka akashindwa kuinuka, mama mkwe ndiye aliyemwinua, wakakumbatiana.

Siku hizi mama mkwe huyo akinipigia simu anaanza, "Doto, umekaa mbali? Nalinda kidevu changu."

Nami nimeapa: nikibadili hata pini moja, naendesha programu mwanzo mpaka mwisho, tena mbele ya wakwe wa mtu yeyote napeleka picha ya kutundika ukutani, ile isiyojua kusogea.