Mama Komeo hasaini

Saa mbili kasorobo asubuhi, ukumbi wa Bunge bado mtupu. Mama Komeo amepiga magoti mbele ya mlango mkuu. Mgeni angedhani anasali, na asingekosea sana, maana midomo yake inatembea. Lakini mkononi ana kitambaa chenye mafuta, na kitambaa kinapanda na kushuka juu ya komeo la shaba lenye urefu wa mkono wake.

"Namwomba Mungu huku napaka mafuta," anasema akijiinua kwa kushika kitasa. "Kimoja kikikosekana, mlango unakwama."

Ana miaka hamsini na minane, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa kuwa bawabu wa mlango huu. Jina la Komeo alipewa na wabunge kwa utani. Wiki tatu zilizopita, wapo walioanza kulitamka kwa hasira.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kura inapoitishwa, kengele hulia dakika nane ili wabunge walio nje warudi. Ikinyamaza, bawabu anafunga. Aliye ndani anapiga kura. Aliye nje anasubiri matokeo kama mwananchi mwingine yeyote.

Ndivyo kanuni inavyosema. Mazoea yalisema vingine. Mabawabu waliyaita "kuweka mguu": kengele ikinyamaza na waziri bado yuko koridoni, bawabu aliuzuia mlango kwa kiatu mpaka mkubwa apite. Mama Komeo hafichi kwamba naye aliweka mguu miaka mingi.

"Siku moja nilimwekea waziri, akapita. Nyuma yake alikuwa mbunge mzee, anatembelea mkongojo. Huyo nikamfungia. Hakunigombeza. Aliniambia tu, 'Dada, watu elfu themanini wamebaki nje pamoja nami.'"

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Wakati ule alikuwa akisoma madarasa ya jioni, akibanana kwenye dawati moja na vijana wa rika la binti yake. Kitabu cha kwanza kukisoma peke yake mpaka ukurasa wa mwisho kilikuwa cha kanuni za Bunge. Hakuweka mguu tena.

Mawaziri walinung'unika, basi. Serikali ilikuwa ikishinda kila kura kwa wingi mkubwa, na aliyefungiwa nje alikwenda kumalizia chai yake.

Kisha ukaja muswada wa hali ya hatari. Ungepita, serikali ingeweza kuongeza muda wa hali hiyo kadiri itakavyo, bila kurudi bungeni kuomba ridhaa. Wabunge wa chama tawala wenyewe waligawanyika. Kengele ikalia dakika nane kamili, ikanyamaza, Mama Komeo akasukuma komeo. Waziri mwenye muswada na wenzake wanne walikuwa ndio kwanza wanatoka mkahawani.

"Fungua, mama!" Waziri aligonga kwa kiganja.

"Kengele imenyamaza, Mheshimiwa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Mheshimiwa. Ndiyo maana sijakuuliza jina."

"Muswada huo ni wangu!"

"Na mlango ni wa Bunge."

Wabunge wa viti vya nyuma walicheka mpaka Spika akagonga meza. Muswada ulianguka kwa kura tatu. Nje walikuwa watu watano.

Barua ilimfikia baada ya siku nne. Haikutoka kwa Bunge lililomwajiri, ilitoka serikalini. Inamtaka asaini kwamba alifunga kabla ya muda, na aombe radhi. Asiposaini, atahamishiwa ghala la samani chakavu, kilomita mia nne kutoka nyumbani. Mwisho ni kesho saa sita mchana. Akisaini, kura itahesabiwa kuwa batili na muswada utarudi mezani.

Kwake si jambo dogo. Mumewe, fundi seremala, aliumia mgongo na hafanyi kazi tena. Mshahara wa mlangoni ndio unaolipa kodi ya vyumba viwili na dawa. Kustaafu kumebaki miaka miwili.

"Si uandike tu, mke wangu?" mumewe alimwambia juzi, amejilaza kwenye mkeka. "Karatasi haina meno."

"Hiyo inayo, baba watoto. Inasema nilifunga mapema. Mimi sikufunga mapema."

Mzee aligeukia kabati alilolichonga mwenyewe. "Basi tutahama wote. Ila kabati langu usilibebe wewe, utalivunja."

Katibu wa Bunge naye alimwita ofisini. "Mama, nisaidie nikusaidie," alimwambia. Anasimulia alivyomjibu: "Mwajiri wangu ni wewe. Kama unataka nihame, niandikie wewe, kwa kalamu yako." Mpaka tunakwenda mitamboni, Katibu hajaandika. Alipoulizwa na gazeti hili, alisema suala linashughulikiwa.

Mama Komeo anachomoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ni jibu lake, atalipeleka leo kabla ya kikao. Mwandiko ni wa mtu aliyechelewa kujifunza, herufi kubwa kubwa, zimesimama wima. Anaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"'Nilifunga kengele iliponyamaza. Sitasaini uongo. Mkitaka nijieleze, niiteni mbele ya Bunge zima, na wananchi wakiwa wamekaa juu kwenye roshani wananisikia.'"

Anaikunja tena.

Anasema ameomba usiku na mchana apewe moyo wa kutobabaika, na anaamini amepewa. Akibakizwa, anataka miaka yake miwili aitumie kuwafundisha mabawabu wapya kufunga bila kutazama anayekuja ni nani. Na wakimhamisha?

"Nitapanda basi na mume wangu na kabati lake. Lakini kura ile haipandi basi. Inabaki hapa."