Nilivyomjibu Padri kwa Kikopti

Ndugu zangu, nichekeni tu. Mimi ni fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na nilikuwa nimewatangazia wanakwaya wenzangu kwamba Kikopti, lugha ya kale ya kanisa la Misri, nakielewa vizuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikiliza nyimbo chache kwenye simu.

Jumapili iliyopita tukaalikwa kwenye ibada ya Wakopti Lilongwe, mtaa wa Area 47. Padri, Mmisri aliyewahi kuishi Kenya, akatupa mgongo, akaimba: "Nai nan!"

"Anasema nini?" mke wangu Furaha akaninong'oneza.

"Anauliza ni nani. Luga yao inafanana na yetu."

Padri akaimba tena, safari hii kwa kuvuta. Nikaona ni utovu wa adabu mgeni kuulizwa akanyamaza. Nikasogea mbele.

"Ni mi, Baba! Fundi wa Dzaleka! Na huyu njo bibi yangu!"

Padri akageuka, akasema kwa Kiswahili safi: "Ndugu, nai ni hurumia, nan ni sisi. Namwomba Mungu atuhurumie. Hakuna aliyekuuliza jina."

Wanakwaya wakaficha nyuso. Furaha akapaza sauti: "Padri, kwa huyu rudilia tena ile nai nan!"