Ishara za Mashineni

Kwenye mashine ya kusaga ya Nasser, pale Tandale, watu hawaongei. Anayetaka unga laini husugua vidole, anayetaka dona hukunja ngumi, na kiganja kikipita shingoni maana yake zima. Polikarpo aliingia humo akiwa kijana aliyetoka Masasi, akaishika lugha ile ya mikono upesi kuliko maneno ya mjini.

Siku moja walipita maofisa wa usalama kazini wakagawa vizibo vya masikio. Polikarpo akavitia mfukoni mwa shati, vikakaa humo mpaka shati lenyewe likawa dekio. Usimcheke. Msagaji hufanya kazi kwa sikio: chekeche la mashine likitoboka, mlio hubadilika kabla unga haujaharibika, na yeye ndiye aliyekuwa akiusikia kabla ya wenzake. Nasser alimsifia kwa wateja. Nani angeziba kitu kilichompa jina? Wale maofisa nao waligawa wakaondoka, wala hawakumweleza kwamba vizibo hupunguza tu ngurumo, na kwamba mashine yake angeendelea kuisikia.

Masikio yalianza kwa kuvuma jioni, asubuhi yakatulia. Baadaye hayakutulia tena. Akadhani ni uchafu, akajitia mafuta ya moto yaliyochemshwa na kitunguu saumu, akaambulia kidonda juu ya ugonjwa.

Nyumbani Kibamba, mkewe Yuliana alianza kupaza sauti, hadi majirani wakadhani wanagombana kutwa. Akachoka, akajifunza ishara za mashineni. Kiganja shingoni, zima taa. Ngumi, chakula tayari. Waliishi hivyo kwa amani, na Polikarpo hakuona kama amepoteza kitu. Hakuhuzunika, hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Lulu, binti yao, alipomletea mjukuu wa kwanza, alimtazama mtoto akilia kama anayetazama televisheni iliyozimwa sauti. Akamrudisha kwa mama yake, akaenda kulala.

Halafu chekeche likatoboka na yeye hakusikia. Gunia zima la mteja likatoka limejaa chenga. Nasser hakumfokea. Alimshika bega, akamwonyesha pa kukaa, akamkabidhi sindano ya kushonea magunia. Hilo nalo Polikarpo alilipokea hivyohivyo.

Lulu ndiye aliyemkokota hadi kliniki. Mpimaji alimwandikia kwa herufi kubwa kwamba kilichokufa sikioni hakifufuki, ila kifaa kitakuza kile kilichobaki. Alipovalishwa, mtu mmoja akavuta kiti, na Polikarpo akaruka kama aliyeumwa na siafu. Mpimaji akacheka kidogo, kisha akampa Lulu maelekezo: mzee asianzie sokoni kwenye kelele. Aanzie nyumbani, mahali palipotulia, na mtu mmoja aliyeketi mbele yake, wanatazamana, wakiongea taratibu kila siku.

"Baba, mtu huyo awe mama," Lulu alisema.

Polikarpo alisikia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akatamani kitu. Alitamani sauti ya Yuliana. Alikuwa bado nayo kichwani: nyembamba, yenye kijicheko mwishoni, sauti ya msichana aliyeleta mahindi kusaga na kukataa katakata kuongea kwa mikono.

Alasiri aliketi kitandani, kifaa sikioni. Ufagio ulikwaruza uani, kandambili zikaja mlangoni. Yuliana akaingia, akakunja ngumi.

"Sema," Polikarpo alimwambia. "Mama Lulu, sema kwa mdomo."

Yuliana akaketi mbele yake. Mikono ikataka kunyanyuka yenyewe, akaikalia. Kwa majirani alikuwa mwongeaji kweli kweli, lakini mbele ya mwanamume huyu alikaa kama mgeni.

"Niseme nini, Baba Lulu?" akauliza mwishowe. "Mie kwako maneno yaliniishia."

Aliyasikia yote. Sauti ilikuwa nzito na kavu, ya mama mtu mzima ambaye hakumfahamu. Akangoja kile kijicheko, hakikuja. Hapo ganzi ya miaka ikamtoka, akaumia hasa, akapeleka mkono akivue kifaa arudi kwenye ukimya wake. Yuliana akaudaka ule mkono, akaurudisha gotini na kuushikilia hapo.

Polikarpo akamwomba basi amwambie tu kuna nini cha kula.

"Ugali," Yuliana akasema. Akafikiri kidogo. "Na dagaa. Wale unaonunua Tandale wana mchanga. Nilikuwaga nakwambia kila siku, ukawa unakula tu."